Jiko Lisilotoa Moshi

Chumba ninachofanyia kazi mjini Same kina dirisha moja linalotazama milima. Mwenye nyumba alilisifia dirisha hilo kana kwamba milima ameipanda yeye. Mchana upepo wa Same hupeperusha vumbi likaingia hadi kwenye kompyuta, kwa hiyo dirisha hukaa limefungwa na milima naiona kupitia kioo kichafu.

Kazi yangu ni kuangalia programu za watu zisife. Kampuni iliyoniajiri ina jukwaa la mtandaoni ambalo wafanyabiashara hukodi nafasi ili programu zao zikae humo: wenye maduka ya dawa, wenye mabasi, wenye shule. Seva, zile kompyuta kubwa zinazobeba programu hizo, ziko nchi za mbali ambako sijawahi kufika na sidhani nitafika. Mimi naziona kwa grafu tu. Waliponichukua hapakuwa na kipimo hata kimoja. Tulikuwa tunajua programu imekufa pale mteja alipopiga simu kututukana, na wengine walitukana vizuri sana.

Nikaanza na mambo machache. Maombi mangapi ya watumiaji yanaingia, yanajibiwa kwa haraka gani, mangapi yanarudi na kosa, na seva imebakiwa na nafasi kiasi gani. Nikayachora kwenye dashibodi, ndivyo tunavyouita ukurasa ule wenye grafu na taa za kijani, njano na nyekundu, kisha nikafunga tahadhari, yaani ile simu inayolia taa ikibadilika. Mwanzoni niliweka tahadhari nyingi mno. Simu zilikuwa zinalia hata seva ikipiga chafya, na wenzangu wakaanza kuzizima kimyakimya. Ikabidi nijifunze kupunguza. Meneja wetu, yeye hakujali hayo. Alichotaka ni rangi ziongezwe ili wageni wa ofisini wavutiwe. Nilimjibu kwamba dashibodi si kitenge. Hakunisemesha karibu wiki nzima, nami nilifurahia utulivu.

Mama alikuja kunitembelea wakati huo. Alishuka kutoka kwetu, juu ya Gonja, kwa sababu ya kifua. Alikuwa anakohoa kikohozi kikavu kisichoisha, na alipomaliza kukohoa alikuwa anaweka mkono kifuani na kungoja, kama mtu anayesikiliza kama mgeni ameondoka kweli. Asubuhi ya pili aliburuta kigoda akakaa nyuma yangu.

"Hii ndiyo kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Unakaa unatazama taa?"

"Natazama kama programu ziko hai."

"Na ukiona moja haiko hai?"

"Naenda kuiamsha."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia alifuta macho kwa upindo wa khanga. "Mbona kazi hiyo ninayo hata mimi tangu nilipoolewa," alisema, "na sijaona mshahara?"

Nilijua anasema nini. Nyumba yetu iko upande mmoja wa korongo, na upande wa pili iko nyumba ya shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Kwa macho ni karibu, unaona hata nguo zilizoanikwa. Kwa miguu ni kushuka mpaka kwenye kijito na kupanda tena, na kwa magoti ya wazee hiyo ni safari. Kwa hiyo tangu zamani nyumba hizo zilijuliana hali kwa moshi. Asubuhi mama akishawasha moto alitoka na kutazama ng'ambo. Moshi ukitoka kwenye paa la jiko la shangazi, basi ameamka salama, tuendelee na yetu. Ukichelewa, mama alikuwa anatembeatembea uani, anaanza kufagia, anaacha, anatazama tena. Nikiwa mdogo niliwahi kutumwa nikamkuta shangazi amelala na homa, na kuni zake zimelowa.

Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi wawili hao hawakusemeshana. Waligombania mpaka, pale masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yalipopandwa na inasemekana yalihama. Kipande chenyewe hakitoshi kulaza mbuzi wawili. Watani zetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na mimi nikisikia hivyo hukasirika, halafu nawakumbuka mama na shangazi nanyamaza. Kesi ilifika baraza la kata. Kanisani mmoja alikaa benchi za kulia na mwingine za kushoto, na wakati wa kupeana mikono kila mmoja aligundua kwamba upande wake kuna watu wengi sana wa kuwasalimia. Lakini asubuhi, mvua au jua, kila mmoja alitoka nje kutazama moshi wa mwenzake. Mama hakuona kwamba mambo hayo yanagongana. "Kesi ni kesi," alikuwa anasema, "na wifi ni wifi."

Hospitali walimpima. Daktari, binti mpole aliyemwamkia shikamoo na kumngoja amalize kila sentensi, alisema mapafu yamechoka kwa moshi. Jiko lile la mafiga, lenye paa lililojaa masizi na kichanja cha kukaushia mbegu za mahindi juu ya moto, lilikuwa linamla polepole. Asipoacha kuni, alisema, kifua hakitapona.

Kaka yangu hakungoja kuambiwa mara mbili. Alinunua jiko la gesi na mtungi mkubwa, akaupandisha kwa pikipiki mpaka nyumbani, na kijiji kizima kikauona ukipita. Sote tulifurahi. Nilimpigia kaka kumwambia amefanya jambo la mtoto wa kiume, na nilimaanisha. Mama alilalamika kwanza, kama tulivyotegemea. Chai ya gesi haina ladha. Moto wa gesi hauna mazungumzo. Halafu kikohozi kikaanza kupungua, naye akaacha kulalamika, isipokuwa jambo moja alilokataa katakata: makande. Makande hayapikwi kwa gesi, alisema, huo mtungi utaisha kabla mahindi hayajajua kwamba yako motoni. Kwa hiyo kila Jumamosi aliwasha kuni kwenye jiko la zamani na kupika chungu cha makande cha kula Jumapili baada ya ibada. Daktari alikubali. Siku moja kwa wiki, alisema, haina neno.

Hakuna aliyemweleza shangazi. Hakukuwa na haja, mtungi aliuona. Aliona pia kwamba asubuhi ng'ambo hakuna moshi, na akazoea. Baadaye aliniambia kwamba siku za kwanza alikuwa anashtuka, anasimama uani, halafu anakumbuka: aa, gesi. Baada ya muda hakushtuka tena.

Kule kazini, miezi kadhaa baadaye, tulipata aibu. Programu ya kukatia tiketi za mabasi ilikufa asubuhi, siku ya watu kusafiri, na dashibodi yangu ikabaki ya kijani tangu juu mpaka chini. Makosa: sifuri. Nilikuwa nakunywa chai nikiitazama sifuri ile na kujisifu moyoni. Mwenye mabasi ndiye aliyetuamsha kwa matusi, kama zamani. Tulipochimba tukaona sababu ni nyepesi mno. Makosa huhesabiwa na programu yenyewe, na programu iliyokufa haihesabu chochote. Ilikuwa imenyamaza, na sisi tulikuwa tumeifundisha dashibodi kuusoma ukimya kama uzima. Mwenzetu mmoja, mtu mzima kuliko sisi, aliandika kwenye kundi letu la meseji: kimya kingi kina mshindo mkuu. Wengine wakacheka. Siku hiyohiyo niliweka tahadhari mpya kwa kila programu tuliyokuwa nayo. Isipotuma neno kwa dakika chache, hata kama haina kosa lolote, simu ilie.

Jumapili nilimsimulia mama. Simu yake alikuwa anaizima wiki nzima kutunza chaji na kuiwasha baada ya ibada tu, akiwa amesimama kwenye mwinuko ulio karibu na kanisa ambako mtandao hukamata. Nilikuwa nimezoea kuzisikia sauti za waumini wengine nyuma yake, nao wamesimama palepale wakiongea na watoto wao.

"Kwa hiyo sasa ikinyamaza, kengele inalia," nilimwambia.

"Na kama imenyamaza kwa kuwa imelala?"

"Tunaiamsha hivyohivyo."

"Mtakuwa wasumbufu nyinyi," alisema, na nikasikia anatabasamu. Halafu akaniambia tangawizi imeshika vizuri mwaka huu, na kwamba shangazi yangu amepaka chokaa ukuta wa mbele, si mbaya, ingawa chokaa yenyewe hafifu. Halafu mtandao ukakatika.

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi sana. Natafuta mahali ambapo mmoja wetu, yeye au mimi, angeweza kusema: na kwetu je? Sipaoni. Tulikuwa tunaongea kuhusu mabasi.

Shangazi alinipigia Jumamosi iliyofuata, mchana, wakati upepo unavuma. Hajawahi kunipigia kabla ya siku hiyo. Namba aliipata kwa mwinjilisti. Nilisema shikamoo, hakuitikia.

"Leo Jumamosi," alisema. "Moshi haujatoka. Nimengoja mpaka jua limepanda. Nimevuka."

Nilimwambia, "Shangazi, mama yuko wapi?"

"Tumempakia kwenye gari la mwalimu, tunampeleka hospitali ya Gonja. Njoo, mwanangu."

Mbele yangu dashibodi ilikuwa ya kijani yote. Sikuifunga kompyuta. Nilikimbia stendi nikapata gari linalopitia Kisiwani, na njia nzima, kwenye lile bonde kavu lenye mifugo na vumbi jekundu, nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia dereva kwa kusimama, abiria kwa kushuka, ng'ombe kwa kuvuka barabara. Hasira ilinisaidia, maana chini yake kulikuwa na kitu ambacho sikutaka kukigusa.

Alikuwa amepata kiharusi. Alianguka mlangoni mwa jiko jipya, kile chumba kidogo alichotengenezewa na kaka, na mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, na sauti ikaondoka. Daktari alisema kwa hali aliyokutwa nayo, ukavu ule wa mwili, alilala chini siku mbili hivi. Huenda alianguka Alhamisi asubuhi. Alhamisi asubuhi shangazi alitoka nje kama kawaida yake, akatazama ng'ambo, hakuona moshi, akasema moyoni, gesi, akaingia ndani kuchambua maharage.

Aliniambia hivyo kitandani pa mama, yeye akiwa upande mmoja na mimi upande wa pili. Hakuninong'oneza. Alisema kwa sauti ya kawaida, macho yake kwenye uso wa wifi yake.

"Zamani ningejua asubuhi ileile," alisema. "Kabla chai haijachemka ningekuwa nimevuka."

Hakumlaumu mtu. Ningependa angemlaumu mtu, ningejua pa kushika. Mama alikuwa macho. Jicho moja lilitazama vizuri na jingine lilichoka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unapapasa shuka. Shangazi aliuchukua mkono ule akaushika kwa mikono yake miwili. Hawakuwa wamegusana tangu kesi. Mama alitazama mikono ile kwa muda mrefu, halafu akanitazama mimi, kana kwamba ananiuliza kama nami nimeiona.

Daktari yule binti wa Same, ambaye alikuwa amehamishiwa huko, ndiye aliyempokea. Alimsikiliza kifua. Nje ya wodi aliniambia, kwa shida, kwamba mapafu yalikuwa mazuri kuliko alivyotegemea. Yalikuwa yamepona. Sijui kwa nini alinieleza, labda aliona ninastahili habari njema hata kama haina kazi tena. Nilimshukuru. Mama alikufa asubuhi ya siku ya tatu, wakati manesi wanabadilishana zamu, bila kukohoa hata mara moja.

Tulimzika nyumbani, juu ya shamba la tangawizi. Vijana wa kijiji walichimba kaburi na wanawake walipika kwa kuni, uani, moshi mwingi ukaifunika nyumba siku zote za msiba. Watu walikuja na maneno yao. Kazi ya Mungu haina makosa. Amepumzika. Umri wake si haba. Nilijibu asante, asante, huku nikitamani kuwarushia sufuria. Kaka alikuwa mbaya zaidi yangu. Siku ya pili nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa chini kando ya mtungi wa gesi alioutoa jikoni mwenyewe, ameuwekea mkono juu kama unavyomshika mbwa aliyemng'ata mtu. Nilikaa naye. Nilimwambia daktari alisema kifua kilikuwa kimepona, na aliposikia hivyo ndipo alipolia kwa sauti. Moshi ulikuwa unamuua kweli, na sisi hatukukosea kuuondoa. Hakuna aliyefikiri kwamba huo huo ndio uliokuwa unamsemea.

Msiba ukaanuliwa, watu wakatawanyika, kaka akaondoka na familia yake. Mimi nilibaki siku chache kupanga vitu vya mama. Kule kazini walinitumia meseji za pole, na meneja, nampa haki yake, aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba nisirudi mpaka nitakapoweza. Mtu mwingine alikuwa anatazama taa.

Asubuhi ya kwanza ya kuwa peke yangu nilitaka chai. Mtungi ulikuwa bado nyuma ya nyumba, na sikuweza kuurudisha. Nikaingia jiko la zamani. Mafiga yalikuwa mahali pake, na pembeni zilikuwapo kuni za Jumamosi ile, zimepangwa, na chungu cha makande kimefunikwa, kisafi, kinangoja. Mahindi na maharage alikuwa ameshayachagua na kuyaweka kwenye ungo. Nilikaa chini. Baadaye nikawasha moto. Kuni zilikuwa zimepata unyevu, zikatoa moshi mzito ukapanda kupitia kichanja, ukajaa chini ya bati na kutoka nje taratibu. Macho yaliniwasha, nikawa nalia na sijui kilio ni cha kipi.

Maji yalikuwa hayajachemka niliposikia hatua. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa khanga moja tu juu ya gauni la kulalia, miguu imelowa mpaka magotini kwa maji ya kijito, hana viatu. Alikuwa anahema na ameshika mwimo wa mlango.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Alikuwa anatazama ndani, nyuma yangu, kila pembe ya jiko.

"Nimeona moshi," alisema.

"Ni mimi, shangazi."

"Najua ni wewe. Si nilimtupia udongo kwa mkono wangu huu?" Alikaa kwenye kigoda cha mama polepole, akanyoosha magoti yake mabovu kuelekea motoni. "Najua. Lakini miguu ilikuwa imeshatoka."

Nilimpa chai. Aliishika bila kuinywa. Tulikaa hivyo mpaka jua likaingia mlangoni, na mara kwa mara aliusukuma ukuni kwa kidole cha mguu, kama alivyokuwa akifanya mama. Aliniuliza narudi Same lini. Nikamwambia kesho.

"Utafunga nyumba?"

"Nitafunga. Kaka atakuja mwezi ujao kuangalia tangawizi."

Alitikisa kichwa. Aliweka kikombe chini, akajifunga khanga vizuri, akasimama kwa kushika ukuta.

"Basi kesho, kabla hujafunga, uwashe tena," alisema. "Nami nitatoka nitazame."

Niliwasha. Niliweka na majani mabichi juu ya kuni ili moshi uwe mwingi, uonekane vizuri kutoka ng'ambo. Sikutoka nje kumwangalia anavyotazama. Nilikaa ndani nikikohoa mpaka kuni zikaisha.